Kiti cha Mazoezi

Kosa la kwanza lilikuwa dogo kama punje ya ulezi, nalo lilikaa kwenye swali la thelathini na moja. Karatasi mbili zilikuwa zimelazwa sambamba juu ya meza. Ya kushoto aliijaza Nukta, ya kulia aliijaza mwalimu wake, na alama za maswali thelathini ya juu zilikuwa sawasawa. Hapo kwenye la thelathini na moja, kushoto palikuwa na sifuri, kulia palikuwa na mbili.

Kwa mtu mwingine hilo ni jambo la kuulizana na kusahihisha. Kwa Nukta lilikuwa jiwe kwenye kiatu. Jina hilo hakuzaliwa nalo. Alipachikwa na wenzake wa kitengo cha afya ya akili mwezi wa kwanza tu alipofika, kwa sababu hakuna karatasi iliyowahi kutoka mikononi mwake bila nukta mwishoni mwa kila sentensi. Walisema hata akipiga chafya huweka nukta. Yeye alicheka nao, akarudi mezani kwake, na mzaha ukaendelea bila yeye.

Alikuwa akijifunza kupima matatizo ya nafsi, yaani zile tabia za mtu zilizokomaa mpaka zikawa zinamuumiza yeye na kila anayemkaribia. Si kazi ya kubahatisha. Kuna kitabu chenye maswali mia moja na nane, na kila swali husomwa kama lilivyoandikwa, bila kuongeza chumvi. Ukishauliza unanyamaza na kuhesabu moyoni hadi kumi, maana ukweli wa watu wengi huja kwenye saba au nane. Mtu akijibu ndiyo, unamwambia, "Nipe mfano." Kisha unatoa alama: sifuri kama tabia haipo, moja kama ipo kidogo, mbili kama imekithiri, imedumu tangu ujanani, na inamfuata nyumbani na kazini. Yote hurekodiwa. Baadaye mpimaji wa pili, ambaye hakuwamo chumbani, huisikiliza rekodi peke yake na kutoa alama zake bila kuziona za mwenzake. Wakilingana, kipimo ni halali. Wasipolingana, kuna mmoja ambaye hakusikia vizuri.

Mpimaji wa pili wa Nukta alikuwa mwalimu wake, mama mmoja mnene mwenye miwani ya kamba, ambaye kitengo kizima kilimwita Mama Mizani. Nukta alihitaji rekodi kumi zilizolingana ili apewe cheti na ajira ya kudumu. Alikuwa nazo tisa. Mkataba wake wa mafunzo ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi, na akiukosa huo hakuwa na mwingine. Wazazi walishatangulia, mume hakuwa naye, ndugu wa tumbo moja hakujaliwa. Alikuwa na shangazi mmoja, mbali, na alikuwa na kiti pale kitengoni, chenye jina lake mgongoni kwenye kipande cha karatasi ya gundi. Akikikosa kile, hapakuwa na mahali popote duniani ambapo mtu angegundua kwamba leo hajafika.

Ndiyo maana aliikodolea macho ile mbili.

"Huyu si ndiye yule fundi bomba?" aliuliza.

"Ndivyo ulivyoandika kwenye kasha la rekodi," alisema Mama Mizani.

Fundi bomba huyo aliletwa na mkewe, kwa kuwa kila alipopata kazi aligombana na tajiri wake kabla ya mwezi kwisha. Nukta alilikumbuka jibu lake neno kwa neno. Alimuuliza kama akikaa peke yake muda mrefu huhisi kana kwamba hayupo, naye akacheka, akasema hapana dada, nikiwa peke yangu ndipo ninapolala usingizi mtamu.

"Mimi sikusikia kicheko chochote," alisema Mama Mizani. Aliishusha miwani, akasoma alichonukuu. "'Ndiyo. Mfano, huwa nalisemesha birika ili nyumba isinyamaze. Nikitoka kazini Ijumaa sitamki neno mpaka Jumatatu, na Jumatatu sauti hutoka kama si yangu.' Hiyo ni mbili, mwanangu, hata ukiamshwa usingizini. Nikabaki nashangaa tu, fundi bomba gani huyu anayegeuza sauti ghafla ikawa ya kike."

Nukta aliivuta karatasi akaisoma mwenyewe. Ni yeye aliyekuwa akilisemesha birika. Kila jioni alilijaza, akaliweka motoni, akalisimulia nani kasema nini kazini, mpaka lipige mluzi. Hakuwahi kumwambia mtu. Angemwambia nani?

Mama Mizani alimvisha vipokea sauti masikioni, akairudisha rekodi nyuma. Nukta alijisikia akisoma swali, sauti yake nyembamba na ya adabu. Kikaja kimya. Alihesabu kwa mazoea. Kwenye sita kiti kililia, mlio wa mbao kavu mtu anapojiweka sawa, ilhali viti vyote vya chumba cha mahojiano ni vya chuma. Kwenye nane mwanamke alijibu, taratibu, kwa sauti ya chini ya mtu asiyetaka kusumbua. Kwenye jibu hilo sauti ya fundi bomba haikuwamo kabisa. Na kutoka kwenye sponji za vile vipokea sauti ilimjia harufu ya njiti ya kiberiti iliyozimwa sasa hivi.

Alisema labda rekodi zimechanganyika.

"Zimechanganyika na za nani?" aliuliza Mama Mizani. Hakukasirika. "Masikio yangu yamezeeka, hayajafa. Niletee nyingine Jumatatu. Na wewe umekonda. Unakula na nani?"

"Nakula vizuri, mama."

"Sikuuliza vizuri. Nimeuliza na nani."

Nukta alikusanya karatasi zake.

Alikaa ghorofa ya pili, vyumba viwili vilivyotazama ukuta wa jengo la jirani. Sebuleni mlikuwa na meza, kabati la vitabu, na viti viwili vya mbao vyenye mito ya kijani. Vyote viwili vilikuja pamoja na nyumba. Kimoja alikikalia yeye. Cha pili, kilichokuwa karibu na dirisha, kilikuwa cha mazoezi.

Kila mwanafunzi wa Mama Mizani hufundishwa hivyo: kisomee kiti kitupu. Kiti hakichoki, hakikasiriki, hakiendi kukusema. Wengi hufanya wiki moja au mbili, wakaacha. Nukta, kwa kuwa ni Nukta, alifanya miezi minane. Kila jioni jua likielekea kuzama alikaa, akafungua kitabu, akakiuliza kiti maswali yote mia moja na nane, na baada ya kila swali alinyamaza akahesabu hadi kumi, huku amekitazama kwa upole kama kitabu kinavyoagiza. Kitu kimoja tu hakukifanya. Ukurasa wa mwisho una maneno ya kumuaga mhojiwa: mahojiano yetu yamekwisha, asante kwa kunijibu, sasa unaweza kwenda. Maneno hayo hayana alama. Alipoyafikia birika lilikuwa tayari linapiga mluzi jikoni, naye alifunga kitabu akainuka. Mtu asiyesahau nukta hata kwenye orodha ya sokoni hakuona haja ya kukiaga kiti.

Jioni hiyo, siku ya Ijumaa, alisimama mlangoni na mkoba begani, akakitazama. Kulikuwa bado na mwanga. Mto wa kijani ulikuwa umebonyea katikati. Ule wa kiti chake, anachokalia kila siku, haukubonyea hivyo.

Alijiambia kwamba mtu aliyesoma hutafuta ushahidi. Akasema swali la thelathini na moja kwa kichwa, akiwa bado amesimama, sauti ikikwaruza kwa sababu tangu aagane na Mama Mizani hakuwa amesema neno. Akahesabu. Kwenye sita kiti kililia. Harufu ya njiti iliyozimwa ikajaa sebuleni, na joto dogo likamgusa usoni kama pumzi ya mtu aliyeinama amsikie vizuri.

"Ndiyo," ilisema sauti. "Nilidhani leo hutaniuliza."

Hakujua alifikaje kwenye mlango wa jirani. Huko alikaa fundi cherehani, mwanamke ambaye Nukta alizoea kusikia mashine yake ikikimbia kutwa. Mashine ilisimama, mlango ukafunguka kiasi cha upana wa kiganja.

"Nani?"

"Mimi jirani. Wa mlango huu hapa."

"Huu?" Fundi alimtazama kuanzia kichwani hadi viatuni, si kwa ubaya, kama mtu anayepima kitambaa. "Umehamia lini?"

"Mwaka wa pili sasa."

"Ala. Mbona sijawahi kukuona? Nilijua pale wanakaa wanawake wawili. Kila jioni nawasikia mnaongea, mmoja anauliza mmoja anajibu. Nikasema afadhali wao, wana la kusema." Alisubiri. "Una shida gani, jirani?"

Nukta alifikiria shida yake inavyosemeka, akaona haisemeki. Alisema alitaka kuomba kiberiti. Akapewa.

Akiwa kwenye ngazi alimpigia shangazi yake. Shangazi alikuwa mkunga kwa miaka arobaini, na mbali na kuzalisha alikuwa ameitwa kwenye nyumba nyingi kwa mambo ambayo hospitali huyaandika kwa jina jingine. Alisikiliza mpaka mwisho bila kukatiza. Kwanza aliuliza kwa nini imepita miezi mitatu bila kumpigia. Kisha akauliza kama kinachojibu kinamtisha au kinamsema.

"Hakinitishi, shangazi. Kina adabu. Kinajibu tu."

"Hao wenye adabu ndio wagumu. Mkorofi humfukuza hata mtoto." Shangazi alivuta pumzi. "Mwanangu, kimya ni kiti. Ukiuliza penye utupu kisha ukanyamaza, umevuta kiti umesema karibu. Wewe umemkaribisha miezi minane, na hujamuaga hata mara moja. Mgeni asiyeagwa ataondokaje?"

Akamweleza la kufanya, na Nukta akaliandika mgongoni mwa risiti, na nukta akaweka. Afanye mchana, si usiku. Amuulize yote, la kwanza hadi la mwisho, asiruke hata moja, kisha asome maneno ya kuaga kwa sauti. Yule hana hila ya kuvunja neno la kuaga, likisemwa lazima mtu aondoke.

"Ila nisikilize," alisema shangazi. "Yeye akuulize lolote, usijibu. Hata jina lako. Anayeuliza ndiye mwenye nyumba. Anayejibu ndiye mgeni. Umesikia?"

Alisikia.

Ijumaa hiyo na Jumamosi alilala kwenye benchi la mapokezi hospitalini, katikati ya watu waliokuja kuuguza. Ulikuwa usingizi mzuri kuliko wote alioupata mwaka ule. Watu walikoroma, mtoto alilia, bibi mmoja alimwegemea begani bila kumuomba ruhusa. Mlinzi alipomuuliza anamsubiri mgonjwa gani, alisema dada yangu. Mlinzi akamwambia pole, Mungu atamsaidia dada yako, na Nukta alitokwa na machozi ya kweli kwa ajili ya dada ambaye hakuwa naye.

Jumapili saa nane mchana alikaa kwenye kiti chake. Dirisha lilikuwa wazi. Aliwasha kinasa sauti, kwa kuwa hakuna mahojiano bila rekodi, akafungua kitabu kwenye swali la kwanza.

Kiti cha dirishani kilijibu. Kila swali kilijibu kwenye saba au nane, na kila alipokiambia kimpe mfano kilimpa, na mifano yote ilikuwa ya kwake Nukta: siku ya mahafali alipopiga picha na familia ya mwanafunzi mwingine kwa sababu walimdhania ni jamaa yao wakamvuta waingie wote, namna anavyopitia ujumbe wa kazini mara nane kabla ya kuutuma, sherehe ya ofisini ambapo alikaa chooni dakika ishirini ili wadhani ana watu wengi wa kusalimia. Aliandika sifuri, moja, mbili, kwa maana kazi ni kazi. Mtoto wa mtu alikuwa akipiga mpira ukutani huko chini. Hapo sebuleni palikuwa na joto na harufu ile, na mto wa kijani ukibonyea na kuinuka, kubonyea na kuinuka, kama kifua.

Kwenye la thelathini na moja alisimamisha kalamu.

"Mbona mifano yote ni yangu?" Hilo halikuwamo kitabuni. Lilimtoka.

"Yangu sina," ilisema sauti. "Nilikuwa hapa kabla nyumba hii haijajengwa. Watu hunipita katikati kama mlango. Hakuna aliyewahi kuniuliza kitu akanyamaza anisikilize. Wewe uliniuliza kila siku, na ukanitazama, nikaona aibu kukaa bila la kujibu. Nikaazima yako."

Nukta aliandika mbili. Jambo la ajabu ni kwamba woga ulikuwa umempungua, na mahali pake paliingia kitu kibaya zaidi, nacho ni huruma. Aligeuza ukurasa akasoma swali la thelathini na mbili: je, yuko mtu ambaye, ukipatwa na jambo leo, atajua kabla ya wiki kwisha?

Alihesabu hadi kumi. Kiti hakikujibu. Kitabu kinaagiza kwamba mhojiwa asipojibu, swali lirudiwe mara moja. Alilirudia.

"Hili halina la kuazima," ilisema sauti taratibu. "Nimelitafuta kwako sikuliona. Wewe ungejibuje?"

Usijibu, alisema shangazi. Risiti ilikuwa pale pale juu ya meza, imeandikwa vizuri. Nukta aliitazama. Akatazama kiti. Kilikuwa kimenyamaza, na haukuwa ule unyamavu wa nyumba anaoujua yeye. Kulikuwa na mtu ndani yake anayehesabu. Moja, mbili, tatu. Katika maisha yake yote alikuwa amewanyamazia mamia ya watu namna ile, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumnyamazia yeye. Nne, tano, sita. Watu humuuliza habari huku wakipita. Saba.

"Hapana," alisema kwenye nane. "Hakuna."

"Nipe mfano."

Akatoa mfano. Alisema juu ya ile homa ya mwaka jana, siku sita kitandani, na aliporudi kazini mwenzake wa meza ya pili akamwambia jana hukuchukua kalamu yangu kweli, yaani kwake hapakuwa na siku sita, palikuwa na jana tu. Na alipomaliza hakuulizwa kama limeisha, alinyamaziwa tena, kwa hiyo likaja jingine, la mama yake siku za mwisho akimwita kwa jina la muuguzi, na jingine la njia anayozunguka jioni ili apite penye watu, na mahali fulani katikati ya hayo swali la thelathini na tatu lilisomwa na si yeye aliyelisoma, na la arobaini, na la sitini, kurasa zikigeuka kwa mlio mkavu wa karatasi upande wa pili wa chumba, na yeye akijibu na kujibu, kwenye saba, kwenye nane, sauti yake ikishuka ikawa ya chini, ya mtu asiyetaka kusumbua, huku mbao zikilia chini yake kila alipojiweka sawa, na jua likisogea sakafuni kutoka mguu wa kiti kimoja hadi mguu wa kiti cha pili, na akawa anaona jinsi dirisha lilivyo karibu, karibu mno, lilikuwa nyuma ya bega lake, na kutoka pale alipokuwa amekaa sasa aliweza kumwona vizuri msichana aliyekuwa mbele yake, mwenye kitabu mapajani na kalamu mkononi, amemtazama kwa upole kama kitabu kinavyoagiza, na nywele zake zimebanwa vilevile, na kovu la chuma cha moto kwenye kifundo cha mkono ni lile lile la Nukta mwenyewe.

Swali la mia moja na nane lilipita. Jikoni palikuwa kimya; siku hiyo hakuna aliyeweka birika motoni.

Msichana yule aligeuza ukurasa wa mwisho.

"Mahojiano yetu yamekwisha," alisema kwa sauti ya Nukta, nyembamba na ya adabu. "Asante kwa kunijibu. Sasa unaweza kwenda."

Akabonyeza kinasa sauti kikazima.

Anayeagwa huenda kwao, ndivyo neno lilivyo. Nukta alitafuta kwao ni wapi. Alifikiria shangazi, na njia ya kufikia kwa shangazi haikuja. Alifikiria kitengo. Mwisho wa yote alijikuta hapo hapo, juu ya mto wa kijani, kwa sababu katika dunia nzima hapakuwa na mahali pengine ambapo aliwahi kusubiriwa.

Jumatatu asubuhi Nukta alimwona msichana yule akivaa viatu vyake. Mlango ulifunguliwa, na nje cherehani ikasimama.

"Jirani, leo umechangamka," alisema fundi.

"Nimelala, jirani. Nilikuwa na mgeni, kaondoka."

Wakacheka wote wawili, kicheko kirefu cha watu wenye muda. Kisha msichana alirudi ndani, akakishika kiti cha dirishani mgongoni, akakibeba. Kitengoni alisema amewaletea wanafunzi cha kufanyia mazoezi, kile cha kwake hakihitaji tena, akakiweka pembeni karibu na kabati la mafaili. Kwa hiyo Nukta alikuwapo siku Mama Mizani alipolaza karatasi mbili sambamba juu ya meza. Kila alama ililingana, kutoka la kwanza hadi la mia moja na nane.

"Sijawahi kuona hii," alisema Mama Mizani. "Na umemuaga vizuri. Wengi husahau. Masikini, huyu mhojiwa wako ana nani?"

"Hana mtu, mama."

"Sauti yake inafanana kidogo na ya kwako ulipokuja hapa. Ile ya zamani." Mama Mizani alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya nguo, akavuta hewa kwa pua. "Nani kawasha kiberiti?"

Hakuna aliyewasha. Nukta alisema kwa nguvu zake zote: mama, ni mimi, niko hapa. Mama Mizani alinyoosha mkono akafunga dirisha. Cheti kilitolewa Ijumaa ya wiki hiyo. Shangazi alipopiga simu, alijibiwa kwa furaha kwamba mambo yamekwisha, na tangu hapo alipigiwa kila Jumapili bila kukosa. Hata wenzake walisema Nukta siku hizi ukikaa naye unacheka. Alipougua mafua siku moja tu, walimletea maua.

Miezi minne baadaye aliajiriwa mwanafunzi mpya, binti aliyeandika kwa mkono wa kushoto na kupanga kalamu zake kwa urefu. Msichana mwenye sauti nyembamba ndiye aliyemfundisha. Alimwambia asome kama ilivyoandikwa. Alimwambia ahesabu hadi kumi. Akamwambia achukue kiti kile cha mbao aende nacho nyumbani, kiti hakichoki, hakikasiriki. La kuaga hakulitaja, na ukurasa wa mwisho wa kitabu alichompa ulikuwa umekatwa vizuri kwa wembe.

Binti alikaa chumba kimoja, juu ya duka la vioo. Alikiweka kiti karibu na dirisha. Jioni ya kwanza alikiuliza maswali yote, akinyamaza baada ya kila moja, na Nukta, ambaye kwa miezi minne hakuwa ameulizwa kitu na mtu yeyote, aliuma meno. Alijua jibu lake lingemfanya nini binti wa watu. Jioni ya pili aliuma meno. Ya tano, ya nane. Alijifunza kutojiegemeza ili mbao zisilie. Alikuwa mwangalifu sana. Uangalifu ndio kitu pekee alichoondoka nacho.

Jioni ya tisa mvua ilinyesha, na binti alichelewa kurudi, na aliporudi alikaa muda mrefu akiwa na simu mkononi bila kumpigia mtu. Kisha akafungua kitabu. Alipofika kwenye swali la thelathini na moja alilisoma polepole, macho kwenye kiti, midomo ikihesabu. Alifika kumi. Hakugeuza ukurasa. Aliiweka kalamu mezani, akasogeza kiti chake mbele kidogo, akasema kwa sauti ndogo, kama mtu anayeona haya mbele ya mwenzake:

"Nipe mfano."

Moja, mbili, tatu. Hakuna aliyewahi kumngoja namna hii, isipokuwa yule mmoja. Nne, tano.

Kwenye sita, kiti kililia.